Printa ya mtumba inayodhani bodi ya shaba ni karatasi

Nyumbani kwa mama, Tabata hapa Dar, maji ya bomba ni ya mgao, na yakija yanapenda kuja usiku mnene, saa nane saa tisa hivi. Tanki la chini ni dogo, lita 500 tu, kwa hiyo inabidi mtu aamke awashe pampu apandishe maji kwenye simtanki la juu la lita 2,000 kabla presha haijapotea. Mama anaamka, anawasha, anarudi kujilaza kidogo, usingizi unampitia, tanki la juu linajaa linamwagika mpaka asubuhi uani kumeloa utadhani mvua ya masika imepita, na uniti za LUKU zimekwenda bure. Mwaka jana nikamwambia mama nipe muda, nitakutengenezea kitu kitakachowasha na kuzima hiyo pampu chenyewe, we ulale tu.

Sakiti yenyewe wala sio ngumu. Vijiti vya stenlesi ndani ya matanki vya kuhisi maji yamefika wapi, chipu moja ndogo ya ATtiny85, transista, rilei yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, halafu kontakta, swichi kubwa zaidi ya aina hiyohiyo, ndo inabeba pampu. Nikaijaribu mezani kwangu kwenye bredibodi, ule ubao wa majaribio wa kuchomeka waya bila kuchomelea, na ndoo mbili za maji, ikakubali siku ileile. Lakini bredibodi huwezi kuifunga ukutani karibu na pampu inayotetemeka, waya mmoja ukichomoka tu mama anaamka tena saa nane. Inatakiwa bodi ya kweli, ubao ambao nyaya zake ni mistari ya shaba iliyoshikamana nao, na hapo ndo stori ya printa inapoanzia.

Kuagiza China inawezekana, bodi zenyewe bei yake ndogo ila usafiri ndo unakula hela, na nilishawahi kusubiri mzigo wiki tano, umefika nikagundua nimeuweka mguu mmoja wa rilei pasipo pake. Wiki tano kwa kosa la milimita mbili, aisee inauma. Njia nyingine ni ya pasi, nadhani wengi wetu tumeanzia hapo, unachapa mchoro kwa leza printa pale steshenari kwenye karatasi laini ya kung'aa, unaulaza juu ya shaba, unapiga pasi mpaka tona, ule wino wa unga, iyeyuke ihamie kwenye shaba, unaloweka kwenye maji unabandua karatasi. Ikikubali inakubali, ila kwangu katika tatu mbili zilikuwa zinakataa, nyaya nyembamba zinabaki kwenye karatasi, unafuta kwa msasa unaanza upya, na mkono unauma. Mi nilichokuwa nataka ni kuchora jioni na kuijaribu bodi asubuhi, nikikosea nikosee leo nirekebishe kesho, sio mwezi ujao.

Sasa kuna watu walishagundua siku nyingi kwamba printa ya wino inaweza kuchapa moja kwa moja juu ya shaba, bila karatasi na bila pasi. Tuelewane hapa, printa haichapi shaba. Shaba ipo tayari, imefunika ubao mzima, kwenye bodi za kawaida unene wake ni maikroni 35. Printa inafunika kwa wino zile sehemu unazotaka zibaki, halafu unaitumbukiza kwenye dawa, dawa inakula zilizobaki wazi. Wazo la sakiti ya kuchapwa ni la zamani sana, Paul Eisler, mtu wa Austria aliyehamia Uingereza, alitengeneza redio yenye sakiti ya namna hiyo mwaka 1936. Kilichobadilika ni kwamba leo mtu wa Tabata anaweza kuifanya hiyo kazi kwenye chumba cha uani.

Ila sio printa yoyote. Printa nyingi za wino, kuanzia ile ThinkJet ya HP ya mwaka 1984, zinafanya kazi kwa moto, ndani ya kichwa kuna kihita kidogo sana kinachemsha wino ghafla, povu linatokea, linasukuma tone nje. Wino wa kazi yetu una utomvu ndani yake na ukiuchemsha kwenye kitundu kidogo vile ni rahisi kuganda humohumo. Epson wao wanatumia njia ya piezo, yaani kuna kipande kinachojikunja ukikipa umeme, kikijikunja kinaminya wino na tone linaruka, hakuna kuchemsha kitu. Ndo maana ukiona mtu amegeuza printa ichape kwenye bodi au kwenye fulana, mara nyingi utakuta ni Epson.

Nilizunguka Kariakoo siku mbili, duka kwa duka, nikapata Epson Stylus C88 ya mtumba kwa sh 40,000 chini ya rundo la skana zilizokufa. Nikamwomba muuzaji aiwashe achape ule ukurasa wa kupima vitundu vya kichwa kabla sijatoa hata mia. Msiruke hiyo hatua, kwa sababu printa ya mtumba yenye vitundu vilivyoziba itakuchosha mwezi mzima, na kichwa kipya cha printa ya zamani namna ile hukipati kirahisi hapa mjini. Yangu ilikosa vistari viwili tu kwenye rangi ya bluu, nikailipia nikaibeba kwenye daladala nimeipakata kama mtoto.

Kitu nilichokielewa baada ya kuifungua ni hiki: printa haijui inachapa nini. Yenyewe inajua kuna karatasi imeingia, imefika mahali fulani, ina urefu fulani, basi. Kwa hiyo kazi yote ni kuidanganya, bodi ngumu ya milimita 1.6 ipite pale inapotakiwa kupita karatasi ya milimita 0.1, na yenyewe isishtuke. Elektroniki hapo haina kazi kabisa. Kazi ipo kwenye milimita.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Bodi inalala juu ya bamba la alumini la milimita 1.5 ambalo ndo roli zinalivuta, ukijumlisha na bodi unapata 3.1. Kichwa kwa kawaida kinaelea juu ya karatasi kama milimita moja hivi, kikiwa mbali zaidi matone yanatawanyika na mstari unakuwa na ukungu pembeni, kikiwa karibu zaidi kinakwaruza bodi na hapo umekiua. Kwa hiyo ile reli inayobeba kichwa lazima ipande milimita 3, na mota ya kuvuta karatasi ibaki chini na roli zake.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa fundi mmoja wa vyuma, mzee kidogo, mikono yake imejaa makovu ya grenda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu. Tukusaidie nini?"

"Nataka vipande vinne vya duara kama washa, unene milimita 3, visipishane hata kidogo."

"Vya gari gani?"

"Vya printa, fundi. Nataka kuinyanyua reli yake."

Akanitazama, akachukua ile bodi na bamba mkononi mwangu, akapima mwenyewe kwa venia, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana, shida yako sio urefu. Hata ikizidi kidogo utarekebisha. Shida yako ni usawa. Upande mmoja ukizidi mwingine, hicho kichwa chako kitakuwa kinapanda mlima kila kikipita." Akavikata vyote vinne kutoka chuma kimoja, akavilaza pamoja juu ya kioo akavisugua na msasa kwa wakati mmoja mpaka vikawa sawa. Hiyo ya kuvisugua vyote pamoja juu ya kioo mi nisingeiwaza. Akanitoza sh 12,000 na nikaona amenionea huruma.

Na ukinyanyua reli, usisahau kile kituo cha pembeni ambapo kichwa kinaenda kupumzika. Pale kuna kikofia cha mpira kinachofunika vitundu visikauke, na kuna kipangusio. Kichwa kikipanda milimita 3 na kikofia kikabaki chini, havikutani, na kwa joto la Dar wino unakauka usiku mmoja. Nilikinyanyua nacho kwa kukatia vipande vya plastiki ngumu chini yake, nikawa najaribu kwa kuweka karatasi nyembamba katikati na kuivuta, ikishika sawasawa pande zote basi kikofia kinafunga.

Kisha kuna roli. Zile roli ndogo za juu zinazobana karatasi zimepangwa upana mzima, bodi ikifika chini yake inagonga kama gari kwenye tuta. Nikazitoa zote za katikati nikaacha mbili za pembeni kabisa zibane kingo za bamba, bodi inapita katikati bila kuguswa. Na kule mbele pa kutokea kuna vijigurudumu vyenye meno kama nyota, hivyo nikang'oa vyote, kwa sababu wino juu ya shaba hauzami kama kwenye karatasi, unakaa juu ukiwa bado mbichi, na hayo meno yanauchora mstari kwa mstari.

Sensa ya karatasi ndo ilinitesa kuliko vyote, wiki nzima. Ni kijiti kidogo cha plastiki, karatasi ikipita inakisukuma, upande wa pili kinaachia mwanga na printa inajua karatasi imefika. Sasa ile roli ya nyuma ya kuokota karatasi nilishaitoa kazini, kwa hiyo printa inazungusha, inasubiri karatasi ifike ndani ya muda wake, isipoiona inawasha taa nyekundu inakaa kimya. Nikisukuma bamba mapema inakataa, nikichelewa inakataa. Mwisho nikagundisha ulimi wa karatasi ngumu mbele ya bamba, upana vidole viwili, unaotangulia kukigusa kijiti, na nikajifunza mlio wake. Ukiamuru ichape inalia mara mbili fupi halafu inaanza mngurumo mrefu, hapo kwenye mngurumo ndo unasukuma bamba taratibu mpaka roli zilidake. Siku ya kwanza ilipolidaka na kulivuta ndani bila taa nyekundu nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia.

Tuje kwenye wino, maana hapa wengi wanapotea. Wino wa bei rahisi unaouzwa kwenye chupa mitaani mwingi ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, huo dawa ya kulia shaba inauosha kama vumbi. Unaotakiwa ni wino wa pigmenti, ule ambao rangi yake ni chembechembe, na kwenye wino wa DURABrite wa Epson kila chembe imevikwa utomvu. Huo utomvu ndo siri, ukiupasha moto wa kutosha unayeyuka unashikana na shaba na unakuwa kinga. Waliotangulia kwenye kazi hii walisifia sana wino wa njano kwamba ndo unashika vizuri kuliko rangi zingine, nikaujaribu mwenyewe pembeni ya mweusi kwenye kipande kimoja cha shaba, mweusi ukaanza kumomonyoka dawa ikiwa haijamaliza hata nusu ya kazi, njano ukabaki mpaka mwisho. Basi nikanunua katriji nne tupu za kujaza zenye chipu ya kujirudisha yenyewe ili printa ione zimejaa, nikazijaza zote njano. Printa inadhani inachanganya nyeusi na bluu na nyekundu, lakini chochote itakachochanganya kinatoka njano. Kwenye draiva nikachagua karatasi ya picha na ubora wa juu ili imwage wino wa kutosha.

Shaba nayo lazima iwe safi kweli, sio safi ya kufuta na kitambaa. Mi nasugua na stilwaya ya kuoshea masufuria na sabuni ya unga, nasuuza, halafu naangalia maji. Kama maji yanatanda juu ya shaba kama kioo kimoja, safi. Kama yanajikusanya matone matone, kuna mafuta ya vidole, rudia. Kisha naitumbukiza kwenye dawa sekunde kumi tu natoa nasuuza. Hizo sekunde kumi zinaifanya shaba ipoteze mng'ao, inakuwa na rangi ya waridi iliyofifia na ukiipapasa na kucha inakwaruza kidogo, na wino ukitua hapo unakaa ulipotua. Nikichapa kwenye shaba inayong'aa matone yalikuwa yanakimbiliana yanatengeneza vidimbwi, mstari mmoja mnene mwingine umekatika. Na chapa saa ileile, kwa sababu hewa ya kwetu ina unyevu na chumvi ya bahari, shaba uliyosafisha jioni asubuhi imeshafifia.

Njano juu ya shaba haionekani vizuri, inabidi uiinamishe dirishani ndo unaona mistari inang'aa kama mafuta ya kupikia. Mara ya kwanza nilidhani haijachapa kitu. Nikaigeuza pole pole kwenye mwanga, nikaona miguu ya chipu yote minane imepangika, duara duara na tundu katikati ya kila duara, na nyaya za milimita 0.3 zimenyooka. Kwa pasi nilikuwa nahesabu nyaya za milimita 0.8 na kuomba Mungu.

Baada ya hapo ni moto. Nina kaoveni kadogo ka umeme nilikokanunua kwa kazi hii tu, chakula hakiingii humo na nawaomba nanyi msichanganye. Kwanza nyuzi 100 kama dakika tano maji yatoke kwenye wino, halafu napandisha mpaka nyuzi 200 na kidogo, dakika kama kumi na tano, nikipima kwa waya wa joto wa multimita yangu, sio kwa namba zilizoandikwa kwenye oveni maana zile zilinidanganya kwa nyuzi thelathini. Njano inageuka inaelekea kahawia, kama kitunguu kinachoanza kuiva. Ikipoa unaikwaruza na kucha pembeni, kama haitoki ipo tayari. Fungua madirisha, kuna harufu.

Bodi ya kwanza ilitoka nzuri na ilikuwa kimeo. Kwenye njia ya pasi mchoro unageuka wenyewe, kwa sababu unaulaza kifudifudi, kwa hiyo upande wa chini wa bodi unauchapa kama unavyouona kwenye skrini. Huku hakuna kulaza, wino unatua ulivyo, kwa hiyo upande wa chini lazima uugeuze kwenye programu kabla ya kuchapa. Mazoea yakanipeleka, sikugeuza. Dawa imeshakula shaba, nimetoboa, nimechomelea soketi, ndo naona chipu inaingia kinyume. Tangu siku hiyo kila bodi yangu naandika neno dogo kwenye shaba yenyewe, kwa mfano TABATA, na nikishachapa naangalia kitu kimoja tu, linasomeka au limegeuka. Nachora kwa programu ya KiCad, ni ya bure kabisa, ilianzishwa Ufaransa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na ukubwa wa kuchapa hakikisha ni mia kwa mia, pima kwa rula miguu miwili ya mbali ya chipu kabla hujaharibu bodi.

Kosa hilo lilinigharimu jioni moja. Nikageuza, nikachapa tena usiku uleule, asubuhi nina bodi sahihi, na hapo ndo nikaelewa kwa nini nilihangaika na milimita miezi miwili.

Umeme nao una mambo yake. Siku moja ulikatika kichwa kikiwa katikati ya safari, bamba limo ndani, kichwa hakijafunikwa, na haukurudi mpaka kesho yake mchana. Vitundu zaidi ya nusu vikaganda. Nililaza tishu iliyokunjwa chini ya kichwa, nimeilowesha kwa maji ya uvuguvugu na dawa ya kusafishia vioo, nikaacha usiku mzima, kesho yake nikasukuma maji hayohayo kwa bomba la sindano lenye kimpira, kwa upole sana, na vikarudi vyote isipokuwa kimoja. Sasa hivi printa ipo kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba, umeme ukikatika inamaliza ukurasa inarudi kwenye kofia yake. Na hata kama sina bodi ya kuchapa, kila baada ya siku tatu naichapisha mstari mmoja kwenye karatasi ili wino usilale.

Dawa ninayotumia ni feriki kloraidi. Unatia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga, maana inapata joto yenyewe. Chombo kiwe cha plastiki, chuma inakila. Naweka hilo beseni dogo ndani ya beseni kubwa la maji ya moto, ikiwa kwenye nyuzi 40 na kitu inakula kwa haraka, dakika kumi na tano bodi imekwisha, huku natikisa taratibu. Inaanza pembeni, shaba inakuwa na rangi ya tope, halafu ghafla unaona ubao wa rangi ya maji ya ndimu unatokea kati ya nyaya, hapo usiondoke hata kidogo kwa sababu ukiiacha inaanza kuchimba chini ya wino. Wengine wanatumia asidi ya kusafishia mabwawa ya kuogelea na ile maji ya oksijeni ya famasi, inakula vizuri pia, nilijaribu mara mbili, mvuke wake ukafanya bisibisi zangu zote kuota kutu, nikaacha. Na hiyo asidi isikutane na jiki kabisa, ikikutana inatoka gesi ya klorini, inaua.

Halafu naomba tusimwage dawa iliyotumika kwenye mtaro. Mitaro ya Tabata inaishia Mto Msimbazi, Msimbazi unaishia baharini, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki. Mi yangu ikichoka natia magadi kidogo kidogo, inatoa povu sana kwa hiyo beseni liwe kubwa, mpaka povu liishe. Shaba na chuma vinatuama chini kama tope la kijani na kahawia, maji ya juu nayachuja, tope nalichanganya na saruji likauke liwe jiwe. Mawe yangu mawili yapo nyuma ya chumba, sijawahi kuyatupa.

Kutoboa sitakuwa na mengi, biti ya 0.8 kwa rezista na chipu, 1.0 kwa pini kubwa, 1.3 kwa vile viunganishi vya kufungia waya, na vaa barakoa kwa sababu vumbi lake ni nyuzi za kioo. Wino unatoka kwa asetoni. Kitu cha kuzingatia zaidi kwenye bodi kama ya pampu ni umeme wa volti 230 kukaa bodi moja na volti 5 za chipu. Nimeacha nafasi ya zaidi ya milimita 6 kati ya pande hizo mbili, na chini ya rilei nimekata ufa kwa msumeno mdogo ili unyevu na vumbi visijenge daraja. Nyaya za rilei nimezifanya pana na nikazipaka risasi ya kuchomelea juu, japo mzigo mkubwa wa pampu unapita kwenye kontakta na sio kwenye bodi. Ikishakamilika nimeipaka varnishi pande zote, kwa ajili ya hewa ile ile ya chumvi.

Nimeifunga kwa mama Jumamosi moja, kwenye boksi la plastiki chini ya baraza. Bodi ya nne hiyo, ya kwanza ilikuwa ile ya kinyume, ya pili nilisahau dayodi ya kuilinda transista, ya tatu vijiti vya kuhisi maji vilikuwa vinaliwa kwa sababu nilikuwa navipa umeme muda wote, sasa hivi chipu inavipa umeme kidogo sana mara moja kila sekunde kumi na inabadilisha upande. Bodi nne, wiki moja. Kwa kusubiri mzigo kila safari ningekuwa mpaka leo nipo kwenye ya pili.

Usiku wa Jumatatu simu ikaita saa tisa kasoro. Nikashtuka.

"Shikamoo mama, kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Hii pampu yako iliwaka yenyewe, nikaisikia nikanyamaza. Sasa imezima. Imeharibika?"

"Nenda kachungulie tanki la juu mama, chukua tochi."

Nikasikia anavuta ngazi, nikasikia mfuniko, kimya kidogo.

"Yamejaa," akasema. "Yamefika shingoni kabisa, na hata tone halijamwagika."